Jirani Hupita Njia Moja

4 Februari

Mdogo wangu,

U mzima? Na wifi yangu, bado anakuvumilia? Mimi nipo, nashukuru, ila goti la kushoto limeanza siasa zake tena. Likiamka vibaya natembea kama bata mpaka kazini. Na huko kazini mashine kubwa ya kufulia imekufa, kwa hiyo shuka za hospitali nzima tunazifikicha kwa mikono kwenye masinki. Msimamizi anapita nyuma yetu akisema, "Akina mama, kazi ni dawa." Nikamwambia kama ni dawa basi na yeye apige vijiko viwili. Wenzangu wamecheka mpaka sabuni imewaingia machoni.

Ningekupigia simu kama watu wengine wanavyopigiana. Lakini wewe masikio yako uliyaacha kwenye mizinga ya vita, na kila nikipiga unaniitikia "ndiyo, ndiyo, na wewe pia" wakati nimekuuliza swali. Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu, nimejishika shavu kama mtoto aliyefeli hesabu.

Sasa nisikilize. Ngongoti amerudi. Mwanangu amerudi mzima, mikono yote, miguu yote. Amekonda, ila urefu haujapungua, bado anainama kuingia jikoni. Siku za kwanza alikuwa analala tu. Juzi tumekaa tunamenya viazi, akasema bila hata kuinua macho, "Mama, mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Nikitaka naacha jeshi. Nikisaini tena wananipa kikosi nikiongoze, narudi kulekule." Anasema hivyo utadhani ananihadithia habari za mpira.

Kisu kilinitoka mkononi. Yeye akakiokota, akakisuuza, akaendelea kumenya.

Unajua nina huyo mmoja tu. Shemeji yako alipofariki wewe ndiye uliyemshika mkono mtoto, na tangu hapo ukisema wewe ndiyo imesemwa. Mimi nikisema, ananibusu kichwani anapita. Basi mwandikie. Usimpigie hadithi, usimchoree ramani. Mwambie asirudi vitani. Ni maneno machache tu, mdogo wangu, hata wewe unayaweza.

Msalimie sana wifi.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Shikamoo, na usiitikie kwa kununa. Barua yako imenikuta nimepiga magoti chini ya cherehani ya fundi mmoja aliyeitia mafuta ya kupikia, ati ya mashine yalikwisha. Nikamuuliza kama nguo anashona au anakaanga. Wifi yako mzima, anakusalimu. Anasema nikifa atanizika na bisibisi mkononi ili malaika wasinikose. Pole na goti. Lifunge kitambaa chenye joto, acha ubishi.

Nimefurahi mpwa wangu karudi salama. Nimefurahi hivi kwamba nimefunga karakana mapema, nikaenda kukaa kwenye duka la vinyozi jirani, pale penye televisheni. Na walikuwa wanazungumzia vita yenyewe! Majenerali wastaafu wawili na ramani, wanachora mishale myekundu. Hapa tutapita, pale tutawazunguka. Dada, nilitaka kuingia ndani ya ile televisheni. Hawa wakubwa wana ugonjwa mmoja usio na dawa: kila siku wanapigana vita ya jana. Nikawaambia vinyozi, wakaniambia, "Mzee, tulia, hujamaliza kunyolewa."

Lakini ni kweli. Mtu anayepigana kwao hana haja ya kukushinda. Anatakiwa asihame tu, na ataenda wapi? Wewe mgeni ndiye unayeangalia kalenda. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila hawakumtaja mgeni mwenye kifaru. Sisi tulipokuwa kulekule ujanani, wenzetu waliokwenda na ramani kupanda mlima walishushwa kwa machela. Kikosi changu kilikaa mji wa darajani mwaka mzima na hakupotea mtu. Kwa nini? Kwa sababu tulikaa. Tulijua nani ni mkwe wa nani, nani kagombana na nani juu ya mfereji wa maji. Ukitaka kuishinda nchi ya watu, kwanza uache kuitazama kwa darubini. Hilo hawalifundishi kwenye vyuo vyao, na ndiyo maana mpaka leo, miaka yote hii, vijana wetu wanarudishwa kwenye mji uleule tuliouacha umetulia.

Basi, nisikuchoshe. Nitamwandikia Ngongoti. Nitamwandikia vizuri, mwanaume kwa mwanaume. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako


18 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mashine ya kufulia imepona.

Barua yako ilimfikia Ngongoti Jumatatu. Alhamisi amesaini. Nilipotoka kazini nimemkuta anapiga pasi magwanda yake, anapiga mluzi, na barua yako iko mfuko wa shati.

Nilikutuma maji, umeniletea petroli. Nilikuomba neno moja. Ungekuwa huwezi kulisema ungeniambia, "Dada, siwezi," ningetafuta mwingine, ningemwendea hata kamanda wake nikapiga magoti na goti langu hilihili bovu. Ulinijibu "usiwe na wasiwasi."

Anaondoka wiki ijayo. Nimemfungia nguo zake. Usiniandikie kunieleza habari za majenerali.

Dada yako


2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na hasira imepungua, na kama haijapungua niko tayari kuipokea. Hapa wifi yako hasemi nami tangu barua yako. Aliisoma kabla yangu. Nilivyokuta chakula kimefunikwa na yeye kaenda kulala, nikajua nimeingia matatani kotekote.

Nakueleza kwa sababu una haki. Sikumwambia aende. Aliniandikia yeye, kabla sijashika kalamu, na aliniuliza swali moja: "Mjomba, yale tuliyofanya kule, nyinyi na sisi, yana maana yoyote?" Ungetaka nimjibu nini? Nikimwambia asirudi, nimemwambia ni bure. Na kama ni bure, dada, yule rafiki yangu tuliyekuwa tunamwita Kinyozi, unayemkumbuka, aliyekuja kwetu likizo akamnyoa marehemu babu yetu ndevu kwa mzaha, alikufa mlimani na wale wa ramani kwa ajili ya nini? Nimeshindwa. Mkono haukuandika.

Kwa hiyo nilimwambia hivi: uamuzi ni wako, lakini ukienda, nenda kwa akili. Nikampa kile tulichokifanya darajani. Wakubwa wanawafundisha askari wasipite njia moja mara mbili. Leo kulia, kesho kushoto, keshokutwa nyuma ya nyumba za watu. Sasa fikiria wewe ndiye mwenye nyumba. Nani anapita leo huku kesho kule, ananyata, hajulikani atatokea wapi? Mwizi! Jirani hupita njia moja. Sisi kila siku ya soko tulishuka barabara ya kinuni, saa ileile, tukakaa kwa mwenye kinu tukanywa chai, tukarudi. Mwezi wa kwanza walifunga madirisha. Baadaye walianza kusalimia. Mwisho wake walikuwa wakituambia wenyewe, "Leo msipite darajani, kuna wageni wabaya." Ule ndio ulinzi, dada, hakuna fulana ya chuma inayoufikia. Kile kitabu cha jeshi kiliandikwa na watu waliotaka kubaki hai tu. Sisi tulitaka kushinda, na hai tukabaki.

Kwa hiyo usidhani nimemsukuma kijana motoni. Nimempa kitu bora nilichonacho. Nimwombee na wewe umwombee.

Mdogo wako


27 Juni

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Najua nilinuna. Kununa kwangu huwa kunaisha kwenyewe, usikuchokonoe. Wifi amenipigia simu, amesema wewe sasa unakonda na unauliza kila siku kama kuna barua. Basi hii hapa, ule chakula.

Goti nafuu. Msimamizi wetu amehamishwa, aliyekuja anajua kushika shuka, lo, nilikuwa sijawahi kuona. Anakunja kona vizuri kuliko mimi. Wenzangu wanasema tumepata mchumba wa mtu humu ndani, sijui wanamsema nani.

Ngongoti ananipigia anapopata mtandao. Yuko mji ule wa darajani, huo wako. Alivyonihadithia! Anasema alianza kama ulivyomwandikia. Kila siku ya soko anashuka barabara ya kinuni na kikosi chake. Mwanzoni watu waliingia ndani. Sasa mwenye kinu, ambaye ni mtoto wa yule mliyemjua nyinyi, amemwekea kiti. Kiti kirefu, kwa sababu kile cha kwanza magoti yake yalifika kifuani, na watu wa kule walicheka mpaka wakashikana. Kuna bibi anamgombeza kila wiki kwamba viatu vyake vinachafua kibaraza, mpaka na yeye sasa anavikung'uta kabla hajafika. Mimi nilimfundisha miaka yote kukung'uta viatu na hakuwahi kunisikia!

Nilipokata simu nililala usingizi wa kweli. Tangu Machi nilikuwa silali, nilikuwa nalaza mwili tu.

Luteni wake hapendi habari hii. Anamwambia abadili njia kama wenzake. Ngongoti aliniuliza mimi pia, akanijia na swali lake kwenye simu kama alivyokuwa akinijia na hesabu za shule. Nilimjibu nilivyomjibu.

Labda ulikuwa na haki, mdogo wangu. Naandika "labda" kwa herufi kubwa akilini mwangu. Usianze kujitangaza mtaani.

Dada yako


11 Julai

Dada!

Shikamoo mara mia. Nimejitangaza mtaani.

Nimeisomea karakana nzima barua yako, mafundi, wateja, hata mtu aliyekuja kuuliza njia. Kiti kirefu! Huyo mwenye kinu alikuwa mtoto mwenye kamasi, alikuwa akija kushika mkanda wa bunduki yangu na baba yake anamfukuza. Leo kamwekea mpwa wangu kiti. Nieleze, ni jenerali gani kapata ushindi kama huo kwa mishale yake myekundu?

Nimekwenda kwa vinyozi, nimewaambia wazime televisheni wanisikilize mimi. Wamenisikiliza. Wifi yako amenirudishia chakula cha moto, na jana amenichekea kabisa, akasema, "Kumbe kichwa hicho kina kitu ndani."

Mwambie Ngongoti asimsikilize huyo Luteni. Luteni ni mtoto wa darasani. Mwambie mjomba anajivuna kwa ajili yake mpaka shati halifungi. Mwambie amsalimie mwenye kinu, amwambie yule mpumbavu aliyekuwa akiimba vibaya akinywa chai ya baba yake bado yuko hai.

Nami nimelala vizuri, dada. Miaka mingi nilikuwa sina uhakika kama tulifanya chochote kule. Sasa ninao.

Mdogo wako


21 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu sina.

Uliondoka bila kuniaga. Nilikuona makaburini umesimama nyuma, kule walikosimama majirani na watu wa kazini kwangu. Pale mbele palikuwa pako. Mjomba hukaa mbele. Watu walikuwa wananiuliza mjomba yuko wapi, nikawa sijui nielekeze kidole wapi, na ilibidi yule msimamizi wetu mpya ashike upande wako wa jeneza. Mtu baki. Nilipogeuka kukutafuta ulishapanda basi. Hata maji hukunywa nyumbani kwangu.

Afisa aliyeleta mwili alikaa sebuleni, kofia mapajani, na kahawa niliyompa hakuigusa. Alinieleza. Bomu lilifukiwa kwenye barabara ya kinuni, siku ya soko. Mtu alikaa juu ya paa na simu mkononi, akangoja, akalilipua. Mwanangu alikuwa mbele, kama kawaida yake, wenzake wakapona. Halafu yule afisa akasema, "Mama, kuna jambo hatulielewi. Kila mmoja anajua asiyebadili njia anajitafutia kifo. Luteni wake alimwambia zaidi ya mara moja. Kijana alikuwa mwerevu kuliko wote. Kwa nini alipita palepale?"

Niliinamisha kichwa. Nikasema sijui, mimi ni mfua nguo.

Wewe unaijua vita. Nakuuliza wewe. Kwa nini alipita palepale?

Dada yako


30 Oktoba

Mdogo wangu,

Hujajibu. Wifi ananiambia unafungua karakana asubuhi, unakaa kwenye stuli, na cherehani za watu zimepangana mlangoni. Anasema akikuuliza unaonyesha masikio yako kwamba husikii, na yeye anajua unasikia.

Nimerudi kazini. Wamenikataza kuinua vitu vizito, nakunja tu. Watu wananipitia pembeni wakinyamaza, kama mimi ndiye mgonjwa. Mtu anaweza kuua kwa huruma, kumbe.

Sikuandikii nikugombeze. Nina jambo nataka kulisema na siwezi kulisema mpaka useme lako. Ninaomba ujibu. Nimeishiwa watu, mdogo wangu. Nilikuwa nao wawili, mmoja yuko ardhini, na wewe umejizika mwenyewe.

Dada yako


16 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo.

Wifi yako mzima. Mimi sijui.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Kila nikianza nakuta najieleza, nataja darajani, namtaja Kinyozi, nakuta nimefika mwisho wa ukurasa na bado nina haki. Leo sitajieleza. Kijana alipita palepale kwa sababu mimi nilimwambia apite palepale. Ulijua hivyo ulipouliza. Nimeliandika sasa, kwa mkono wangu, na mkono haujakauka.

Makaburini nilikuja mbele, dada. Nilifika mpaka pale ulipokuwa umekaa, nyuma ya kiti chako, ukawa unasema taratibu, "Alikung'uta viatu, mwanangu, alikuwa anakung'uta viatu." Miguu ikarudi nyuma yenyewe. Nisamehe kwa hilo peke yake, mengine usinisamehe.

Nilikuwa nawacheka wale wa kwenye televisheni, kwamba wanapigana vita ya jana. Mimi nilipigana ya juzi. Wakati wetu mtu aliyetaka kunidhuru alikuwa na bunduki, ilibidi anitazame usoni akiwa kwa jirani yake, mbele ya mkwe wake, na haya ikamzuia. Nikadhani ni sisi tulioshinda mioyo yao. Kumbe ilikuwa bunduki tu, haikuwa na akili ya leo. Aliye juu ya paa na simu haoni uso. Haoni kiti. Anaona siku ya soko na saa, na vyote viwili ni mimi niliyempa. Na mwenye kinu labda alijua, labda hakujua. Kama alijua na akanyamaza, siwezi hata kumchukia. Ile ni nchi yake. Sisi wote, nilivyokuwa mimi, alivyokuwa mpwa wangu na kiti chake, tulikuwa wageni wenye silaha waliokaa kibarazani kwake.

Wiki iliyopita walikuja vijana wa chuo cha jeshi kunichukua. Walisikia kwamba mzee mmoja alikaa darajani mwaka mzima bila kupoteza mtu. Nadhani ni wale vinyozi walionitangaza. Wakaniweka mbele ya darasa, nywele zao zimenyolewa, shingo nyembamba, dada, shingo nyembamba sana. Mwalimu wao akasema niwaeleze mtu anashindaje vita ya ugenini. Nilisimama. Nikasema sijui. Wakacheka, wakadhani natania. Nikasema tena, sijui, nilidhani najua, na mtu niliyemfundisha tumemzika. Mmoja wa nyuma akaandika kitu kwenye daftari lake, sijui aliandika nini, hakuna kilichosemwa pale cha kuandika. Wakanirudisha kwa gari lao wakanishukuru.

Hilo swali la mpwa wangu, kama yana maana, sasa najua jibu lake. Ningelijua Februari ningemwambia asirudi, na siku moja tungekula karamu ya harusi yake. Ilikuwa lazima afe yeye ndipo mimi nikubali kwamba Kinyozi alikufa bure.

Nataka kuja. Sitaki kukaa sana. Kama hutaki kuniona, andika hapana tu, nitaielewa.

Mdogo wako


28 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba.

Barua yako nimeisomea kazini, nimekaa juu ya kikapu cha nguo chafu, na nimelia kwa sauti mpaka msimamizi akafunga mlango akasimama nje asiingie mtu. Nimelia machozi yote ya Septemba, ambayo sikuyalia.

Sasa ni zamu yangu. Nilikuambia aliniuliza na mimi. Ilikuwa Juni. Alisema, "Mama, Luteni anataka nibadili njia. Mjomba anasema nisibadili. Nifanyeje?" Na sauti yake, mdogo wangu, ilikuwa imeshaelemea kwa Luteni. Nilimzaa, naijua sauti yake. Alikuwa anataka nimruhusu. Ningesema tu, "Msikilize mkubwa wako wa kazi, baba." Mimi nikafikiria kile kiti. Nikafikiria yule bibi na viatu. Nikaona mwanangu ana jirani huko, ana mtu wa kumgombeza, hayuko peke yake. Nikamwambia, "Msikilize mjomba wako. Yeye alirudi hai." Akasema, "Sawa, mama," na nikaenda kulala ule usingizi mtamu niliokusimulia.

Kwa hiyo usijibebeshe peke yako kama mchukuzi wa sokoni. Ulimpa njia, nami nilimfungia mlango wa kutokea. Afisa aliponiuliza nikasema sijui, mimi ni mfua nguo. Na nilipokuandikia wewe nikauliza kwa nini, nilikuwa nakutafuta useme ili niwe na mtu wa kusimama naye mahali hapa. Niliogopa ukikataa ningebaki mimi tu. Sikutaka kukuadhibu. Au nilitaka kidogo. Nilitaka, lakini imekwisha.

Nimesoma tena pale unaposema ungejua Februari. Mimi Februari nilijua. Sikuwa na mkakati, sikuwa na darajani, nilikuwa na kisu na viazi, na nilijua. Halafu mkaja na hadithi nzuri, wewe na yeye, na mimi mwenyewe nikaipenda. Hilo ndilo linaniuma. Ilikuwa nzuri, mdogo wangu. Hata sasa nikiikumbuka inanipendeza, nachukia kwamba inanipendeza.

Ukija, kitanda kilichopo ni chake tu, kingine hakuna, na kwenye kochi mgongo wako hautakubali. Miguu yako haitafika mwisho wa godoro, usijali, ya kila mtu haifiki. Shuka zake nilikuwa sijazifua tangu siku alipoondoka. Nafua shuka za watu waliokufa kila siku ya kazi, nazikunja, nazipanga, ila hizo nilikuwa nikifungua mlango nanusa nafunga. Leo nimezitia kwenye beseni, kwa sababu unakuja na mtu halazwi kwenye shuka chafu. Nimezifua kwa mkono. Zimekauka, nimetandika.

Njoo.

Dada yako